Ukuta wa Mabati Uliotusalimia

Mutomo, jioni

Mwende mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na wewe umeenda kuaga kwa shangazi yako, kwa hivyo nina muda kidogo kabla hujarudi. Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kujiepusha na waume wa watu nakuachia mwenyewe. Akili unayo, na kama huna, barua haitakupa. Sweta usibebe. Tseikuru kuna joto kuliko hapa, na hapa kwenyewe tunaungua.

Ninachotaka kuzungumza na wewe ni habari ya ule ukuta. Tangu upate hii kazi ya kuingiza stima kwa nyumba za watu, kila nikikuona unapanga koleo na bisibisi zako kwa mkoba, ukuta ule unanijia. Wakati ule ulikuwa darasa la tatu na najua unakumbuka vipande tu. Susu, nyanya yako, naye ana vipande vyake. Mimi ndiye ninayekumbuka yote, na sijawahi kukueleza kutoka mwanzo.

Baba yako Kioko alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa hapo nyuma ya nyumba, mabati matupu yaliyopigiliwa kwa nguzo za mbao, na aliyainua kiganja kizima kutoka chini ili yasishike kutu. Stima ya karakana aliivuta mwenyewe kutoka kwa nyumba. Waya aliupitisha juu ya ukuta, chini ya paa, akaufunga kwa misumari. Nilimwambia aite fundi. Akaniambia, mwalimu, fundi ni mimi. Ndivyo alivyokuwa, akishaamua jambo hata ungemletea chifu.

Halafu akaugua sukari, miguu ikamkataa, na akatuacha. Tulimzika kando ya mipapai. Kiangazi kikaingia, na ule upepo wetu wa vumbi ukawa unapiga mabati ya karakana mchana kutwa, paa linainuka na kushuka. Mimi nilikuwa siingii mle. Susu, mama yake, ndiye aliyekuwa anaingia kufagia. Maranda ya mwisho aliyoyaacha mwanawe chini ya meza hakuyatupa, alikuwa anafagia kuyazunguka.

Siku moja niliona ameketi chini nje ya karakana, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Nikadhani ni moyo, nikakimbia. Hakuwa mgonjwa. Alinishika mkono akauweka kwa mabati.

"Mguse pole pole," akaniambia. "Ni yeye."

Sitakudanganya. Nilipobonyeza kiganja sikusikia kitu. Lakini nilipopitisha vidole juu juu, mabati yalisita. Yakawa si laini tena, yakawa na ngozi. Kulikuwa na mtetemo mdogo sana ndani yake, kama mkono uliolaliwa usiku ukianza kuamka. Niliondoa vidole, nikavirudisha, na bado alikuwa pale. Baba yako hakuwa mtu wa kusalimia kwa nguvu. Alikuwa anakugusa tu, na vidole vyake vilikuwa vimekwaruzwa na mbao mpaka vikawa hivyo hivyo, vya kusita sita.

Mwende, sikuogopa. Nilifurahi. Nilifurahi, nikaketi kando ya Susu kwenye vumbi, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya boma letu. Asubuhi, kabla ya shule, Susu alikuwa anakupeleka na vile viatu vyako vya plastiki, unapitisha vidole, unasema, "Baba, naenda." Jioni unasema umerudi. Susu akipika chai, ya kwanza ilikuwa inamwagwa kidogo pale chini ya ukuta. Mchungaji wetu alisikia habari hizo akaja kukemea. Alikuwa amevaa viatu vyake vizuri vya soli nene. Akaomba kwa sauti, akaweka mkono kwa ukuta, halafu akanyamaza katikati ya maombi. Alitazama kiganja chake. Alisema amekumbuka ana mgonjwa wa kutembelea, na chai tuliyokuwa tumemwekea ikapoa.

Kulikuwa na mambo mengine. Redio ndogo ya baba yako, ile aliyokuwa anaskiza akipiga randa, ukiisogeza karibu na ukuta ilikuwa inavuma sauti moja nzito mpaka watangazaji wanapotea ndani yake. Na kulikuwa na siku ambazo hayupo. Susu anagusa, hakuna kitu, anasema leo ametoka. Unajua siku hizo zilikuwa zipi? Zilikuwa siku stima imepotea. Tokeni za stima zikituishia kwa mita, Susu alikuwa ananifuata mpaka jikoni akiniambia nikanunue, kwa sababu mwanawe yuko gizani. Nami nilikuwa naenda nanunua.

Mimi, mwalimu wa fizikia. Miaka hiyo yote nilikuwa nasimama mbele ya kidato cha tatu nikiwaimbia wimbo ule ule: chukua volti, gawanya kwa ampea, unapata ukinzani. Chukua volti, zidisha kwa ampea, unapata nguvu kwa wati. Ukijua viwili, cha tatu hakiwezi kukuficha uso. Nilikuwa nawachapia majaribio nawakata alama wakisahau kuandika omu, kipimo cha ukinzani. Kisha narudi nyumbani nagusa marehemu ambaye stima ikipotea naye anapotea, na najiambia hata wafu wana shughuli zao.

Usifikiri sikujua. Kuna jambo ambalo mtu analijua na kuliacha mlangoni, halikaribishi ndani. Nilijua ningepiga hesabu moja ningebaki mjane, na sikuwa tayari kubaki mjane.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, umande ukaanza. Asubuhi mabati yalikuwa yanatoka jasho. Na salamu zikabadilika. Hazikuwa tena za kusita sita, zilikuwa zinauma kidogo, zinapanda mpaka kifundo cha mkono. Wewe uliniambia, "Mama, leo Baba amenifinya." Nilikupangusa mkono nikakwambia Baba anacheza.

Susu hakuona mchezo. Alikuwa amekaa akitazama mawingu upande wa Ikutha, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri gari analojua litakuja. Akaniambia, "Mama Mwende, mwanangu anapata nguvu. Mvua ikinyesha atanishika mkono kabisa."

Lakini hata hapo sikufanya kitu.

Kisha ile mbuzi yetu nyeupe ikafa. Unaikumbuka, ile uliyokuwa unaipa maganda ya ndizi. Ilijinasua kwenye kamba alfajiri, ikaenda kulamba umande kwa mabati. Tuliikuta imelala ubavu chini ya ukuta, ulimi nje, hakuna jeraha, hakuna uvimbe wa nyoka. Susu aliizunguka akiitazama. Nilitegemea aogope. Alipiga makofi mara moja, kimya kimya, akasema Kioko ameipokea, kwamba alikuwa na njaa muda mrefu na sisi tunampa chai tu.

Siku hiyo nilitoka shuleni na mita ya maabara ndani ya mkoba. Jioni nilingoja Susu aingie jikoni. Nikapigilia chuma ardhini hatua chache kutoka karakana, ncha moja ya mita nikaigusisha chuma, nyingine ukuta. Kioo kikaandika mia mbili thelathini na kitu, kikapanda, kikatulia karibu na mia mbili na arobaini. Ndizo volti za soketi yoyote ya nyumba hii.

Halafu nikafanya ujinga ambao usije ukaufanya hata siku moja, hata ukiambiwa na bosi wako. Niliweka mita kwa kupima ampea, ncha moja kwa ukuta, nyingine nikaishika mwenyewe, nimevaa viatu vya mpira kwenye vumbi kavu. Nikawa mimi ndiye waya. Nilisikia ile salamu, na mita ikanisomea: sehemu moja ya elfu ya ampea.

Nilipiga hesabu pale pale kichwani. Mia mbili na arobaini gawanya kwa sehemu ya elfu, ni omu laki mbili na arobaini elfu. Hizo ni mimi, viatu vyangu na vumbi letu. Mia mbili na arobaini zidisha kwa sehemu ya elfu, ni robo ya wati, tena haifiki. Hazitoshi kuwasha hata tochi ya simu. Hizo ndizo zilikuwa nguvu zote za baba yako. Nilicheka nikiwa nimesimama pale, kicheko kibaya, halafu nikaacha kwa sababu nilisikia mtu akicheka vile vile upande wa pili wa mabati. Ilikuwa ni sauti yangu mwenyewe inarudi. Nadhani ilikuwa yangu.

Sasa sikiza kosa langu, kwa sababu hili ndilo ninalokuandikia. Ningeweza kuzima meinswichi jioni ile ile. Nilikuwa na hesabu mkononi. Lakini hesabu niliyopiga ilikuwa ya kiangazi, na jibu lake lilikuwa dogo na tamu. Robo ya wati haiui mtu. Nikasema fundi nitamwita mwisho wa wiki, nimwachie Susu siku chache za kuaga. Hata mimi nilitaka siku chache. Mbuzi iliyokufa nikaisahau kwa makusudi.

Kesho yake nilikuwa darasani, wanafunzi wananakili maswali ubaoni. Nilikuwa nimewaandikia volti mia mbili na arobaini, na nilikuwa natafuta namba ya ukinzani ya kuwapa. Nje kukaanza kuwa giza, upepo ukaja na harufu ya udongo ulioloa mbali. Wote waliinua vichwa wakafurahi, unajua vile huku tunaipenda mvua. Na mimi nikajikuta nimeandika kwa chaki: omu elfu mbili.

Sikuitoa kwa kitabu chao. Hiyo ni namba ya mtu aliyelowa, asiye na viatu, amesimama kwenye udongo uliolowa. Anaweza hata kushuka chini ya hapo. Nikagawanya. Sehemu mia na ishirini za elfu. Kutoka moja hadi mia na ishirini, na ukuta haukuwa umeongeza hata volti moja. Inayobadilika ni ngozi, na ardhi unayoikanyaga. Nikazidisha, nikapata wati ishirini na tisa kasoro. Ile balbu ya zamani ya kuungua, ya sebuleni, ilikuwa ya wati sitini. Nusu ya balbu ilikuwa inatosha kuniulia mtoto.

Nilitoka darasani na chaki mkononi. Sikuaga mtu. Kwa bodaboda nilimwambia kijana wa watu aendeshe, na alipopunguza kwenye kona nilimpiga mgongo. Matone makubwa yalianza tukiwa sokoni, watu wanatoa karai na mitungi nje wakicheka. Mimi nilikuwa naomba mvua isimame. Katika Ukambani yote, siku hiyo, nadhani nilikuwa peke yangu.

Nilipoingia langoni niliwaona. Susu alikuwa amevua viatu na kukuvua vyako. Alikuwa ameosha miguu yake na yako kwa beseni, kwa sababu alisema huwezi kumpokea mtu aliyetoka mbali na miguu michafu. Amevaa lile rinda lake la Jumapili. Mmeshikana mikono mnavuka uwanja pole pole kwenye tope, nywele zako zimelala kwa maji, na mkono wako wa kulia tayari umeuinua mbele, vidole vimefunguka. Paa la karakana lilikuwa linapiga kelele kwa mvua hata ningeita msingenisikia. Na kama mngesikia? Susu angesimama kwa sababu mkaza mwana anapiga kelele? Nilijua hangesimama.

Mwende, nilikupita. Watu wengine wakisikia habari hii wananiuliza mbona sikukushika wewe. Nilikuwa nimelowa chapachapa kuliko nyinyi. Ningekushika wakati umegusa ukuta, stima ingetuweka watatu kwa mstari. Nilikimbilia ndani, sakafu ikaniteleza, nikavuta meinswichi chini kwa mikono miwili. Friji ikanyamaza. Nilibaki nimening'inia pale, naskiza kama kuna mtu ataanguka.

Nilipotoka, viganja vyenu viwili vilikuwa kwa mabati. Kikubwa na kidogo. Mvua ilikuwa inawapita juu ya vidole. Susu alikuwa anapapasa, kushoto, kulia, juu, anapapasa kama mtu aliyepoteza kitu kitandani.

Akageuka akaniangalia. "Ameenda wapi?"

Nawe ukasema, bila kulia, "Baba hayuko, Mama. Ni baridi."

Nilikuwa nimetoka kumzima mume wangu kwa swichi. Niliwavuta chini ya paa, nikakukumbatia mpaka ukalalamika nakuumiza, na nilikuwa nalia kwa furaha na kwa uchungu, sijui ni ipi ilikuwa nyingi. Kama ningechelewa kwa kununua tu chumvi sokoni, ningekuwa na makaburi matatu kando ya mipapai.

Fundi alikuja akapanda ngazi. Aliukuta waya pale juu, paa lilikuwa limeukalia msimu mzima wa upepo, mpaka plastiki ikakatika na shaba ikalala kwa msumari uliogusa mabati. Msumari ulikuwa wa baba yako. Na fundo la waya lilikuwa lake, najua anavyofunga, anazungusha mara mbili halafu anakunja. Fundi alisikitika akasema aliyeunganisha hivi alikuwa muuaji. Nikamwambia ashuke, anywe chai, anyamaze.

Susu hakuongea na mimi mpaka mahindi yakachipua. Kanisani aliwaambia akina mama kwamba nimemzika mwanawe mara mbili. Alipoanza kuongea nami nilimweleza. Nilimchorea chini kwa kijiti, ukuta hapa, mtu hapa, udongo hapa, ukavu unakataza stima kupita, maji yanairuhusu. Nilimwonyesha mbuzi iko wapi kwenye hesabu hiyo. Alikuwa anatazama kijiti, halafu ananiuliza kama nimefunga kuku. Nikaona nasema na jiwe nikaacha.

Huko unakoenda utakuta kuta kama hii. Watu wamevutiwa stima juzi, waya umepitishwa na shemeji, na kuna mama atakuambia usiguse pale, pale kuna mwenyewe. Usicheke. Pia usianze kufundisha, mimi nimefundisha na haikunisaidia. Tafuta swichi ilipo, izime, halafu keti na huyo mama umwulize aliyekuwa anamsalimia alikuwa nani. Na usipige hesabu ya siku uliyofika tu. Piga ya siku ya mvua, na ya mtoto asiye na viatu.

Basi, nilitaka kuishia hapo. Lakini leo mchana, ukiwa unaanika nguo, Susu aliniita. Unamjua sasa, macho yamekwenda, maneno anayatoa moja moja. Akaniambia nikae karibu.

"Mwende akishajua hiyo kazi vizuri," akasema, "akuje amrudishe. Kidogo tu. Ile ya kiangazi, si ile ya mvua."

Miaka yote nikidhani alikuwa anatazama kijiti bila kusikia, na alikuwa ameelewa kila mstari.

Tena ubaya ni kwamba hesabu inakubali. Ukiweka kinzani kubwa ya kubana stima katikati ya waya na mabati, isiyojali umande wala mvua, ukuta utatoa ile robo ya wati na hautazidi. Ile testa yako ya kalamu, ya kupimia kama waya una stima, inafanya hivyo hivyo kila ukiigusa. Nimeipiga hesabu hiyo tangu mchana nyuma ya vitabu vya wanafunzi, na kila mara inatoka sawa. Na najua siku moja kinzani itaungua, au panya atakula waya, na kutakuwa na mtoto hapa, labda wako.

Nilimwambia akuulize mwenyewe asubuhi. Atakuuliza ukiwa umeshika begi, yuko macho saa hii anajizoeza maneno, namsikia kutoka hapa. Mkatalie, Mwende. Umshike mkono ukimkatalia, uushike kwa muda. Na wakati huo usinitazame mimi, kwa sababu nitakuwa nimesimama nyuma yake, na sijui uso wangu utakuwa unakuomba nini.

Mama yako